MAISHA YA SHEIKH AHMED BIN IBRAHIM, MKAAZI WA KAFURO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeikunjua ardhi ikawa pana kwa waja wake, akawajaalia wengine wazaliwe mahali na wazikwe hapo hapo, na wengine wazaliwe karibu na bahari na wazikwe kati ya milima. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyetoka Makka hali ya kuipenda, na Muhajirina waliohama kwa ajili ya dini yao, na Ansari waliowapokea. Ama baad:

Hizi ni khabari za Sheikh Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu wa kwanza anayejulikana kufika katika ufalme wa Buganda. Wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya neno alilomwambia Kabaka Suna, na khabari hiyo husimuliwa katika vyuo na katika mawaidha. Lakini Buganda hakukaa. Miaka yake mingi aliikaa katika bonde la Kafuro, nchi ya Karagwe, na sehemu hiyo ya maisha yake haisimuliwi sana. Nayo ndiyo inayowahusu zaidi watu wa Ngara na Biharamulo, maana jambo lililokuwa mbele yake ndilo lililo mbele ya wengi katika vijana wao na hata wazee wao. Mtu anayo nchi nzuri yenye maji na kivuli na majirani wema, kisha zikamjia sababu za kumtaka aihame. Je, ahame au akae?

NCHI YENYEWE

Asimamaye Rusumo huona mto ule ule wa zama za Ahmed bin Ibrahim. Mto Ruvubu utokao Burundi hukutana na Kagera itokayo Rwanda, kisha kwa mwendo mdogo maji hayo hubanwa baina ya majabali yakaanguka kadiri ya futi 50, kwa kishindo kinachosikika kabla ya kuonekana, na mvuke wake huyalowesha majani ya kandokando. Baada ya hapo mto hutulia, hugeukia kaskazini, hupita katika mafunjo na maziwa madogo mengi, upande wake mmoja ni Rwanda na wa pili ni Karagwe, mpaka unapogeuka tena kwenda kuingia katika Nyanza.

Kusini ya Karagwe iko nchi ya Busubi, ambayo watu wa misafara waliiita Usui, nayo leo imo katika Ngara na Biharamulo. Kila msafara uliotoka Tabora kwenda Karagwe ulipita hapo, na kila msafara ulitozwa hongo hapo. Mwaka wa 1861 Mwingereza Speke aliwekwa huko na mtemi Suwarora, akadaiwa nguo na waya na ushanga hata akachoka, na wala hakuonana na mtemi mwenyewe uso kwa uso. Njia hii Ahmed bin Ibrahim aliipita mara nyingi, akienda Unyanyembe na kurudi. Basi vilima hivi watoto wa Ngara na Biharamulo wanavyochungia mbuzi yeye alivijua kwa miguu yake.

Mbele ya Usui ndiyo Karagwe, nchi ya nyanda za juu, ya majani na ng'ombe, na mahali ambapo upepo wake ni baridi. Speke na mwenziwe Grant walipolifikia ziwa dogo lililo karibu na mji wa mfalme, Bweranyange, waliliona limefanana sana na ziwa la kwao Uingereza hata wakalipa jina la ziwa hilo, Windermere. Kafuro haikuwa mbali na hapo. Ilikuwa katika bonde lenye kina, vilele vya milima vimeizunguka kwa kimo cha futi 1200 juu yake, na chemchemi ya maji safi inatoka papo hapo na kuwa kijito. Kwa wafanyabiashara waliotembea miezi kutoka pwani, katika pori la jua kali, mahali kama hapo palikuwa rehema. Hapo ndipo walipojenga nyumba zao.

KUFIKA KWAKE BUGANDA

Khabari za maisha yake zimetufikia kwa mashahidi wawili, na wote wawili si wa dini yetu kwa asili. Wa kwanza ni Stanley, aliyekaa naye Kafuro mwanzo wa mwaka wa 1876 (1293 Hijria). Wa pili ni Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa katika utumishi wa serikali ya Misri, aliyeonana naye Buganda mwaka huo huo, akayaandika aliyoyasikia kwa kinywa chake. Baadaye Sir John Gray, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, alizikusanya khabari hizo katika jarida la taarikhi la Uganda, mwaka wa 1947. Inapasa kuzipima khabari za mashahidi hawa kama zinavyopimwa khabari nyingine. Stanley, kwa mfano, ameandika kuwa Ahmed alikuwa amekaa Afrika miaka kumi na minane, na papo hapo akaandika kuwa alimjua Suna. Lakini Suna alikufa mwaka wa 1856, na miaka kumi na minane kabla ya 1876 ni mwaka wa 1858. Maneno mawili haya hayapatani, na la Emin ndilo la kushikwa, kwani yeye alisimuliwa safari zenyewe kwa taratibu yake.

Kwa riwaya ya Emin, Ahmed alifika Buganda mara ya kwanza mwaka wa 1844, nao ni 1260 Hijria, katika zama za Sayyid Said bin Sultan wa Unguja na Oman. Waganda walimwita Medi Ibrahimu. Jina hilo limo katika kitabu cha Sir Apolo Kagwa miongoni mwa majina ya wageni wa mwanzo, na waandishi wengi wa taarikhi wanaona kuwa ndiye huyu. Alikwenda kutafuta pembe za ndovu. Hili halifichwi wala halina aibu, maana biashara ni halali, na dini imefika nchi nyingi juu ya mabega ya wafanyabiashara.

Suna alikuwa mfalme mwenye nguvu na mkono mwepesi wa kuua. Siku moja Ahmed akiwapo barazani, mfalme aliamuru watu wengi katika raia zake wauawe. Hapo mgeni huyu, asiyekuwa na jeshi wala jamaa nyuma yake, alisimama mbele ya mfalme akamwambia kuwa watu anaowaua ni viumbe vya Mwenyezi Mungu, na kuwa Yeye ndiye aliyempa ufalme huo, na kuwaangamiza pasipo haki ni dhambi kubwa mbele Yake. Wakuu waliokuwapo walishangaa, wakadhani kuwa kichwa chake kimekwisha kwenda. Mfalme akajibu kuwa ufalme wake amepewa na mizimu ya nchi yake. Ahmed hakuliondoa neno lake, alilirudia. Na Suna, badala ya kumwua, akataka kusikia zaidi. Kila alipokwenda tena Buganda alizungumza naye juu ya dini, akamsomea Kurani, na imepokewa kuwa Suna alijifunza sura nne, na kuwa karatasi alizoandikiwa alizihifadhi.

Hiyo ndiyo khabari iliyompatia sifa. Lakini na itazamwe vizuri. Mtu aliyethubutu kusema maneno hayo mbele ya mfalme wa namna hiyo angaliweza kukaa pale pale, awe mwalimu wa mfalme. Wako waliokaa. Isa bin Hussein, Mbaluchi aliyekuwa askari wa Sayyid Said, aliingia Buganda akiwakimbia waliokuwa wakimdai, akapendwa na Suna, akapewa wanawake wengi na heshima kubwa. Fikihi yetu haimruhusu mwenye deni lililofika wakati wake kusafiri bila ya idhini ya mwenye kudai, basi kuhama kwa Isa hakukuwa hijra, kulikuwa kutoroka. Ahmed hakuhamia kwa mfalme. Alikuja, akasema haki, akafanya biashara yake, akarudi Karagwe.

BONDE LA KAFURO

Baada ya Suna kufa, wafanyabiashara wa pwani walizuiwa wasiingie Buganda kwa miaka, na biashara ya nchi hiyo ikawa yafanywa Karagwe. Mfalme wa Karagwe zama hizo alikuwa Rumanyika, mtu mpole, mrefu wa umbo, mwenye kupenda wageni. Wafanyabiashara wa pwani, na wa mbele yao Musa Mzuri, Mhindi wa Tabora, walikuwa wamemsaidia juu ya nduguye Rogero aliyegombea naye ufalme. Naye wema huo hakuusahau. Aliwapa mahali pa kukaa, akawalinda, wala hakuwadhulumu mali zao. Speke aliyekwenda kwake mwaka wa 1861 na Stanley aliyekwenda mwaka wa 1876 wamemsifu wote wawili, na ni nadra kwa wasafiri hao kuwafikiana katika sifa.

Kwa maneno ya Stanley, mwaka wa 1876 Ahmed alikuwa amekwisha kukaa Karagwe miaka kumi na miwili. Alikuwa mtu wa uso mweupe kidogo, mwenye adabu, mkarimu kwa rafiki zake. Nyumba yake ilikuwa kubwa, yenye paa la mgongo na nafasi nzuri. Wenziwe hapo Kafuro walikuwa wawili, Said bin Seif na Said wa Maskati. Alikuwa na watoto, na masuria kadha wa kadha. Mali yake, kwa hesabu aliyompa Stanley mwenyewe, ilikuwa ng'ombe 150, mbuzi 40, watumwa 100, na pembe za ndovu 450.

Hapa haifai kupita upesi. Watu mia moja walikuwa katika milki ya mtu yule yule aliyemkataza Suna kuwadhulumu viumbe vya Mwenyezi Mungu. Wenye kuandika sifa za watu wema wa zamani hupenda kuiruka hesabu kama hii, na kuiruka si uaminifu. Misafara ya pembe ya zama hizo ilikwenda pamoja na biashara ya watu, na wengi walioingia katika biashara hiyo walikuwa watu huru waliotekwa katika vita na uvamizi, ambao sharia haikuhalalisha kamwe kuwauza wala kuwanunua. Stanley amesema kuwa Ahmed alikuwa mpole kwao. Upole ni bora kuliko ukatili, lakini upole si uhuru, na sharia imeufanya ukombozi wa shingo kuwa kafara ya madhambi na njia ya kumkurubia Mola. Uzuri wa bonde la Kafuro ulilimwa kwa mikono ya watu ambao hawakuulizwa kama wanapenda kukaa hapo au kuhama.

Katika hesabu ile liko jambo jingine linalofunua moyo wa mtu. Sehemu kubwa ya zile pembe 450 haikuwako Kafuro. Ilikuwa imewekwa amana kwa rafiki yake, mtemi wa Urangwa katika Unyamwezi, mwendo wa siku nyingi upande wa kusini, katika njia ya kurudia pwani. Mwili wake, watoto wake na ng'ombe wake walikuwa bondeni. Akiba yake ilikuwa imekwisha kutangulia. Mtu aliyekata shauri la kukaa maisha hafanyi hivyo, wala mtu aliyekata shauri la kuondoka hajengi nyumba kubwa namna ile. Ahmed alikuwa baina ya mawili, na alikuwa hivyo miaka.

NJIA TATU

Njia zilizokuwa mbele yake katika mwaka huo wa 1876 zinaonekana wazi. Ya kwanza ni kurudi Unyanyembe au pwani, kwa Waislamu wenziwe, penye misikiti na makadhi na maulamaa, watoto wake wapate kusomeshwa na wazee wazikwe kwa sala ya watu wengi. Ya pili ni kuhamia Buganda, ambako mlango ulikuwa umefunguka tena. Ya tatu ni kubaki Kafuro.

Upande wa magharibi hapakuwa na njia. Alijaribu mara kadhaa kufungua biashara na Rwanda, ng'ambo ya Kagera, nchi ambayo Stanley alisikia kuwa inatawaliwa na Malkia. Na kwa desturi ya Rwanda mama wa mfalme alikuwa na sehemu yake katika ufalme. Kila mara alirudishwa mtupu. Wanyarwanda wa zama za mfalme wao Rwabugiri hawakutaka wageni wa pwani, na mto ule unaoanguka Rusumo ulikuwa mpaka wao. Stanley naye aliupanda mto kwa mashua kwa idhini ya Rumanyika akafika mpaka katika ziwa Ihema, na hakuingia Rwanda.

Tuje kwa Buganda. Mutesa, mwana wa Suna, alikuwa ameanza kufunga Ramadhani tangu mwaka wa 1867, akaamuru watu wake wajifunze salamu na ibada za Kiislamu, na misikiti ikajengwa. Waalimu wake walikuwa watu wa pwani, miongoni mwao Khamis bin Abdallah na Muley bin Salim. Mbegu ya zamani, basi, ilikuwa imeota, na waliokuja kuinywesha ni wengine. Lakini Buganda haikuwa bonde la Kafuro. Mwaka ule ule wa 1876 vijana wa Kiislamu wa barazani kwa Mutesa walikataa kusali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa na kula nyama iliyochinjwa kwa mkono wake, na yeye akaghadhibika akawaua. Idadi yao ni wapata sabini, na wengi wao walichomwa moto Namugongo. Mwenyezi Mungu awarehemu na awakubali katika mashahidi. Buganda ndiko ulikokuwako Uislamu wenye uhai, na ndiko kulikokuwa na moto.

Ahmed alikwenda Buganda mwaka huo, kama ilivyotangulia khabari ya Emin. Kisha akarudi kwake Karagwe.

HUKUMU YA KUKAA NA KUHAMA

Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafi'i, Mungu awe radhi naye, wamelieleza jambo hili katika mlango wa jihadi. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vya pwani, hukumu ni hivi: Mwislamu aliye katika nchi isiyokuwa ya Waislamu, ikiwa aweza kuidhihirisha dini yake, basi kuhama kwake ni sunna, na ikiwa hawezi kuidhihirisha naye ana uwezo wa kuhama, basi kuhama ni wajibu. Aliye dhaifu asiyepata njia amesamehewa, kwa dalili ya Aya za Sura ya An-Nisaa zinazojulikana. Na al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka wa 450 Hijria, amesema neno ambalo waliokuja baada yake wamelizingatia sana: mtu huyo akitaraji kuwa kwa kukaa kwake watu wengine wataingia katika Uislamu, basi kukaa ni bora kuliko kuhama.

Katika yote haya hapana mahali palipotajwa milima, wala mito, wala hewa nzuri. Si kwamba kuipenda nchi ni vibaya. Mtume (s.a.w.) aliipenda Makka, akaiambia hivyo siku ya kutoka, na alipofika Madina akaomba ipendwe kama Makka au zaidi. Imamu Shafi'i mwenyewe alizaliwa Ghaza, akakulia Makka, akasoma Madina, akafanya kazi Yaman, akasomesha Baghdad, na mwisho akahamia Misri katika mwaka wa 199, akafa huko mwaka wa 204. Na hakuna anayedhani kuwa hakuwa na mapenzi na hata mji mmoja katika hiyo. Mapenzi hayo ni kama njaa na kiu. Mtu halaumiwi kwa kuwa nayo. Lakini hayahesabiwi katika mizani ya hukumu.

Basi Ahmed apimwe kwa mizani hiyo. Dini yake aliweza kuidhihirisha, hapana shaka, kwani Rumanyika hakumzuia kusali wala kufunga. Kwa hukumu ya Minhaj, kuhama kwake kulikuwa sunna si wajibu, na mwenye kuacha sunna hana dhambi. Je, kukaa kwake kulikuwa bora, kwa neno la al-Mawardi? Hapo ndipo penye mashaka. Rumanyika aliwapenda Waislamu, lakini alikufa katika dini ya wazee wake, na Karagwe katika zama hizo haikuwa na jamaa ya Waislamu wazaliwa kama ile ya Buganda. Katika mwezi mmoja barazani kwa Suna Ahmed aliacha athari kubwa kuliko katika miaka mingi bondeni. Wenye kumtetea husema kuwa Kafuro ilikuwa kituo, na kwamba lau si nyumba za Kafuro, misafara isingalifika Buganda wala waalimu wasingalipita. Neno hili lina nguvu, na aliyenywesha maji wasafiri wa kheri ana sehemu katika kheri yao. Nia ya moyoni, iwapo alikaa kwa ajili ya kituo hicho au kwa ajili ya chemchemi na kivuli, ni ya Mwenyezi Mungu kuihukumu.

Iko khitilafu kubwa baina ya mtu wa namna hii na yule anayefukuzwa na panga. Mwisho wa mwezi wa Aprili 1994 watu wapata robo milioni walilivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Hao hawakukaa kitako kupima sunna na wajibu. Na waliowapokea na kuwapa maji walifanya kazi ya Ansari, walijua au hawakujua. Mas'ala ya Ahmed ni ya mtu aliye na khiyari na nafasi ya kufikiri, na kwa sababu hiyo ni mazito zaidi.

KUFA KWA RUMANYIKA, NA KUFA KWA AHMED

Kisha Rumanyika alifariki. Watoto wake na jamaa zake wakaingia katika kugombea ufalme, na katika fitina hizo Kakoko aliwaua wengi katika wana wa mfalme. Nchi iliyokuwa tulivu kuliko zote za pande hizo ikawa haina usalama. Papo hapo biashara nayo ilikuwa ikigeuza njia, kwani watu wa pwani walianza kuvuka Nyanza kwa mitumbwi na mashua kutoka pwani ya kusini ya ziwa, Kageyi na jirani zake, wakifika Buganda bila ya kupita Usui wala Karagwe wala kulipa hongo za huko. Kituo cha Kafuro kilipungukiwa na kazi yake.

Hapa, kwa mwenye kupima, zile sababu za kukaa zilikuwa zimekwisha moja baada ya moja. Amani aliyokuwa nayo Ahmed haikuwa amani ya sharia wala ya mkataba wa nchi. Ilikuwa amani ya mtu mmoja, na amani ya mtu mmoja huzikwa pamoja naye. Milima ilikuwa ile ile, chemchemi haikukauka, migomba ilizaa kama kawaida. Asiyetazama ila hayo angaliapa kuwa hakuna kilichobadilika Kafuro. Na njia ya kuondoka ilikuwako, kwani mali yake nyingi ilikuwa Urangwa ikimngojea.

Hakuondoka. Miaka ikapita, na katikati ya miaka ya 1880 Ahmed bin Ibrahim aliuawa huko huko Karagwe, baada ya miaka arobaini tangu siku aliposimama mbele ya Suna. Aliyesalimika katika baraza la mfalme mwenye kuua aliuawa katika nchi aliyoichagua kwa utulivu wake. Aliyekufa kwa kudhulumiwa ana malipo yake kwa Mola wake, na kuuawa kwake si dalili kuwa alikosea kukaa, kama vile kusalimika kwake kwa Suna hakukuwa dalili kuwa hapakuwa na khatari. Wajinga huyahukumu mambo kwa mwisho wake. Wenye ilimu huyahukumu kwa yale ambayo mtu aliyajua siku alipoamua. Na aliyoyajua Ahmed baada ya kufa kwa Rumanyika yalikuwa mengi ya kutosha.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Buganda, kazi aliyoianza iliendelea pasipo yeye. Mwaka wa 1888 Waislamu walipata nguvu huko hata Kalema akatawala kwa jina la Rashid, kisha wakashindwa vitani, na aliyekuja kuwaongoza na kuwatuliza akawa Nuhu Mbogo, aliyefariki mwaka wa 1921. Huyu Mbogo alikuwa mwana wa Suna, yule Suna aliyeambiwa maneno ya haki barazani kwake. Mwana wa mfalme aliyejibu kuwa ufalme ni wa mizimu akafa akiwa kiongozi wa Waislamu wa Uganda.

Ama ule mlango wa Rwanda uliofungwa mbele ya Ahmed, ulifunguliwa kwa njia nyingine. Mwezi wa Mei 1894 Mjerumani von Götzen alivuka Kagera hapo Rusumo, na watu wake wenye bunduki, akaenda kuonana na Rwabugiri. Nyuma ya Wajerumani wakaingia askari na wachukuzi na wafanyabiashara wa Kiswahili, Waislamu wengi wao, na mwaka wa 1913 ukajengwa msikiti Kigali, unaohesabiwa kuwa wa kwanza katika nchi hiyo. Siku hizi magari ya mizigo kutoka Dar es Salaam hupita Biharamulo na Ngara, hushuka vilima vya Busubi na kuvuka daraja la Rusumo juu ya maji yale yale.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Ahmed bin Ibrahim, amsamehe, na awarehemu wale mia moja waliokaa naye bila ya khiyari yao. Wallahu aalam.